Mishono Iliyo Nje

Mkuu wa ukoo, Mchungaji, wazee wetu wa Anomabo, ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka mbali, nawasalimu kwa niaba ya familia, na kabla sijafungua kijitabu hiki ambacho kila mmoja wenu anacho mkononi, niseme kwamba nimewasikia. Tangu saa kumi na mbili asubuhi, mlipoanza kupita mbele ya kitanda alicholazwa marehemu, nimeisikia minong'ono yenu, kwamba familia imechanganyikiwa na msiba hadi ikamvalisha maiti nguo ndani nje, na mama mmoja, ambaye sitamtaja ila anajijua yeye na kitambaa chake chekundu, alinivuta pembeni akaniuliza, "Fiifi, wewe fundi cherehani mzima, miaka yote hiyo, hata hili hukuliona?" Niliona, mama. Naomba subira, tutafika huko.

Marehemu Araba Essilfie alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Oktoba 1952, hapa hapa Anomabo, katika nyumba hii ya ukoo ambayo leo tumekaa uani kwake, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Bwana Kwamena Essilfie, karani wa ghala la vitambaa kule Cape Coast, na Bibi Ekua Mansah, mwoka mikate, na mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba wao. Kwa kuwa alizaliwa Jumanne alipewa jina la siku hiyo, na Jumanne ikabaki kuwa siku yake ya mambo mazito maisha yake yote, ingawa kufa amekufa Jumatatu, jambo ambalo nadhani limemuudhi.

Alianza masomo katika shule ya Kimethodisti ya hapa kijijini mwezi Januari 1959, na ya mwaka huo mama yetu alikuwa akitusimulia mara kwa mara, jinsi mtoto alivyopotea katikati ya ibada ya Pasaka, akatafutwa, akakutwa nyuma ya kanisa amekaa na shimizi, gauni lake jipya amelivua, amelipindua ndani nje juu ya magoti, anatafuta kujua mkono wa gauni umeshikwa na nini bega lisianguke. Alichapwa, akavalishwa, akarudishwa kwenye benchi, na hapo benchini akaendelea kuuchungulia ukosi wa mzee aliyekaa mbele yake. Alijiunga na sekondari ya wasichana huko Cape Coast mwaka 1966, akahitimu Juni 1971 akiwa na alama za juu za hesabu na onyo moja la maandishi kwa kufumua sare ya shule.

Mwaka 1972 alikwenda Accra kumsaidia shangazi yetu kuuza vitambaa katika soko la Makola, akauza hadi Agosti 1979, soko lile lilipobomolewa, shangazi akarudi nyumbani na presha, na dada akahamia Kantamanto kufungua marobota ya mitumba, nguo ambazo sisi huziita za mzungu aliyekufa. Alifungua marobota kwa miaka saba, na huko ndiko alikopata tabia iliyomfanya ajulikane, kwamba hakuitazama nguo kabla ya kuigeuza, aliipindua kwanza, akasoma mishono, mapindo, nyuzi zilipoanza na zilipoishia, kisha ndipo aliirudisha upande wake. Alikuwa akisema nje ni maneno ya muuzaji, ndani ni maneno ya mshonaji.

Siku ya Jumamosi tarehe 24 Aprili 1976 alifunga ndoa na Bwana Ekow Abaka, mwalimu wa jiografia, mtu mpole, mcheshi, niliyempenda sana, na mwaka 1981 mwalimu alikwenda kufundisha Nigeria kama walimu wengi wa wakati ule, akaandika barua mwaka wa kwanza, kadi mwaka wa pili, na mwaka wa tatu hakuandika kitu. Tarehe 9 Agosti 1985 familia mbili zilikutana hapa hapa uani, vinywaji vya ndoa vikarudishwa, pakawa pamekwisha. Dada hakulia mbele yetu, alichosema ni kwamba, "Afadhali huyu, anwani yake ninayo, wa wenzangu hata anwani hawakuacha."

Hakujaliwa kupata mtoto. Kijitabu chenu, ukurasa wa nne, kimeandika kwamba wabunifu wa mavazi aliowagundua ndio walikuwa watoto wake, maneno yaliyowekwa na mpwa wetu mchapaji kwa nia njema kabisa, nami nayafuta mbele yenu, kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa hivyo akiwa hai, tena kwenye sherehe, tena mbele ya kamera, akajibu, "Mtoto hurudi nyumbani akisikia njaa, hawa wangu wakishashiba ndiyo kwaheri." Alikula peke yake. Nataka lisikike hilo, maana mnayo picha yake kwenye jalada akiwa katikati ya watu wanaocheka, na picha hiyo ni ya siku moja. Kwa miaka thelathini na minane alinunua kenkey mbili kila jioni, madonge ya mahindi yaliyofungwa majani, na samaki na pilipili, akala moja, na ya pili akaifunga tena kwenye majani yake, akiiacha mezani kwa ajili ya mtu atakayepita, na asubuhi akaila yeye mwenyewe kwa chai. Mimi saa kumi na moja nilikuwa nimeshafunika cherehani yangu, naelekea Kaneshie kwa mke wangu, na sikuwahi kumuuliza kenkey ya pili ni ya nani.

Sasa nakuja kwenye kazi iliyowaleta wengi wenu. Siku ya Jumanne tarehe 4 Novemba 1986 alipanga chumba kimoja cha ghorofani huko Adabraka, akakipaka chokaa, akapigilia ukutani msumari mmoja, mmoja tu, na kwenye msumari huo akawa anatundika nguo moja moja, mwaka mzuri nguo mbili, nguo ya mtu ambaye hakuna aliyemjua, aliyeshona kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Hakuwa na alama mlangoni, watu walisema tu wanaenda kwa Msumari. Wenye maduka kutoka Lagos na Abidjan, waandishi wa mitindo kutoka Paris, walipanda ngazi zile wakihema, wakasimama mbele ya nguo moja, wakauliza ya pili iko wapi, akawaambia ya pili bado haijashonwa. Mbunifu aliyekwisha kujulikana hakumtundika, hata akimlilia. "Wewe unajulikana, mwanangu," alikuwa akiwaambia, "msumari wangu utakuongezea nini?" Mimi nilijiunga naye mwaka 1989, nikaweka cherehani yangu chini ya ngazi, nikawa fundi wa marekebisho na mwandishi wa daftari la wageni, kwa hiyo kila aliyepanda alinipita mimi kwanza.

Kulikuwa na utaratibu, na naomba muushike vizuri kwa sababu ndio uliozaa kosa. Kwa kuwa mji mzima wa washonaji ulijua kwamba Anti Araba huanza na ndani, vijana walizoea kuigeuza nguo wenyewe kabla ya kumkabidhi, kwa heshima, kama mtu anavyomgeuzia mgeni mpini wa kisu, yeye akaipokea mishono ikiwa nje, akaisoma, kisha akaipindua aone sura yake. Ikimpendeza, Jumanne iliyofuata aliivaa yeye mwenyewe, hata ikiwa ya mwanamume, hata ikimbana, akatembea kwa miguu kutoka Adabraka mpaka Makola na kurudi, akisikiliza. "Wakinyamaza," alisema, "nguo imekufa. Wakitukana, ina uhai. Wakitukana kisha wakaniita nirudi waishike, hiyo naitundika."

Dzifa Agbenu, aliyekaa pale safu ya pili na ambaye nguo zake leo huvaliwa katika miji ambayo mimi siwezi kuitamka, alipanda ngazi zile mwaka 1993 na koti la magunia ya mchele lenye mikono mitatu, na dada alipopita nalo sokoni, Maame Adjeley muuza kenkey alisimama juu ya kigoda akapaza sauti, "Araba, mkono wa tatu wa nini, wa kudai chenji?" Soko likaangua kicheko, dada akaendelea mbele, hakufika hatua kumi akasikia, "Ebu rudi hapa, wewe mwanamke, rudi nilishike hilo gunia." Mengine Dzifa anayajua. Kwa jumla walitundikwa watu sitini na mmoja, na leo hapa wamekuja wawili, wengine wameleta maua, maua ni mazuri, tunashukuru.

Hadi hapa, ukiondoa niliyochomeka mwenyewe, nimesoma yaliyomo kwenye kijitabu. Yanayofuata hayamo, nimeyaandika kwa kalamu, mengine jana, mengine leo asubuhi, na mkuu wa ukoo ameniruhusu, ingawa hakufurahi.

Mwezi Desemba 1997 mimi nilishona shati. Fundi wa marekebisho naye huwa na ndoto, na mimi nililishona shati lile kwa muda wa wiki sita, kwa siri, nikapanda nalo ngazi kama mgeni, limegeuzwa kwa heshima. Dada alilipokea, akalisoma ndani, akalipindua, akalitazama nje, akalikunja taratibu, akanirudishia, akasema, "Fiifi, mishono yako imenyooka kuliko barabara ya serikali, na hiyo ndiyo tabu yake." Alisema kwa upendo, najua leo. Siku ile sikujua, nilishuka na shati langu nikakaa nalo chini ya ngazi, na moyo wangu ukaingia chachu.

Siku ya Alhamisi tarehe 22 Januari 1998, wakati wa vumbi la harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, alikuja kijana wa kama miaka ishirini na minne, mrefu, midomo imepasuka kwa ukavu wa hewa, amevaa joho la vitambaa vyembamba vilivyofumwa kwa mkono kama wanavyofuma watu wa kaskazini, vitambaa vya rangi ya nili vilivyoungwa kimoja kimoja kwa uzi mwekundu, na kingo zote, mishono yote, nyuzi zote ziko nje, zimesimama mwilini mwake kama matuta ya shamba la mtama. Nilicheka. Nikamwambia, "Kijana, umevaa gizani? Nguo umeigeuza." Akatabasamu, akachuchumaa kunisalimu, akasema, "Hapana kaka, hii ndiyo sura yake. Ndani hakuna kitu, ndani ni mimi tu." Nikamuuliza jina, akasema Sayibu, nikamuuliza anatoka wapi, akasema Tamale, nikaandika hivyo viwili daftarini, Sayibu, Tamale, na la baba yake sikuuliza, kwa sababu nilikuwa mvivu na kwa sababu sikutaka apande. Alilivua joho palepale chini ya ngazi, akabaki na fulana, akapanda amelishika kwa mikono miwili.

Nilimfuata hadi mlangoni. Dada alilipokea, akaona mishono nje, akadhani kijana ameshamgeuzia kama wote walivyokuwa wakimgeuzia, akaisoma ile mishono kwa muda mrefu, kidole chake kikitembea, uso umechangamka kama sijauona kwa miaka, kisha akafanya kama alivyofanya siku zote, akalipindua. Upande wa pili ulikuwa mtupu, laini, pamba ya rangi ya vumbi, hauna hata kifungo. Uso wake ulizima. Akamwambia, "Ndani umefanya kazi ya miezi, nje umelala. Siku ukiwa na kitu cha kusema nje, rudi." Yule kijana alifungua mdomo, akamtazama yule mama mwenye mvi anayezungumza, akaufunga, maana kwao mkubwa akisema hakatizwi wala hakosolewi, akachuchumaa, akasema, "Nimesikia, mama," na joho likabaki mkononi mwa dada kwa sababu hakuthubutu kulichukua kutoka mkononi mwake.

Ndugu waombolezaji, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua. Ilikuwa sentensi moja. "Dada, umelipindua kinyume, amelivaa mbele yangu mishono ikiwa nje." Nilikuwa na muda wa kuisema alipochuchumaa, nilikuwa na muda aliponipita mlangoni, nilikuwa na muda wa kumwita arudi akiwa kwenye ngazi, na hata alipokuwa ameshavuka barabara na fulana yake katika vumbi lile, dirisha lilikuwa wazi. Sikuisema, kwa sababu shati langu lilikuwa limekunjwa chini ya ngazi, na mtu mmoja zaidi akikataliwa, nilihisi, tutakuwa wawili. Nimekaa na jambo hili miaka ishirini na sita na miezi kumi, dada amekufa sijamwambia, na leo nawaambia ninyi.

Siku ya Jumamosi tarehe 7 Februari msichana wa kufua aliliona joho kwenye kiti, akalifua pamoja na nguo nyingine, akalianika ndani nje kama watu wote wanavyoanika ili jua lisile rangi, na kwa kuwa dada alikuwa ameliacha upande ule mtupu ukiwa nje, kuligeuza kukairudisha mishono nje. Saa sita mchana dada alisogea dirishani, akalitazama joho kwenye kamba, upepo umeingia ndani yake. Nilimsikia akishuka ngazi mbili mbili, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, akasimama chini ya ile kamba, akashika kichwa, akasema, "Fiifi, mshonaji hakukosea. Ni mimi niliyeligeuza." Nami nikasema, "Kumbe?" Hilo ndilo neno nililolisema.

Jumanne alilivaa. Maame Adjeley alimwona kwa mbali, "Araba, leo umevaa mbio mbio, kwani nyumba inaungua?" kisha akamwita, akalishika, akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu, na mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona amekosa neno alikaa chini kwenye kigoda chake, akasema taratibu, "Huyu mtu umemlipa nini?" Dada alirudi Adabraka. Alipigilia msumari wa pili, wa kwanza na wa mwisho kuongezwa kwenye ukuta ule, akalitundika joho hapo lisishuke tena, na chini yake akabandika karatasi, Sayibu, wa Tamale, kosa ni langu, Araba.

Alimtafuta. Alikwenda Tamale mwezi Machi 1998, siku nzima ndani ya basi, na watu wakamuuliza, "Sayibu yupi, mama? Yuko Sayibu mwalimu, yuko Sayibu wa ng'ombe, yuko Sayibu mwenye jicho moja, na yuko Sayibu anayedaiwa, huyo nasi tunamtafuta." Daftari langu halikuwa na la zaidi. Alirudi tena mwaka uliofuata, na mwingine, safari tisa kwa jumla, akatoa matangazo redioni, akakaa na mafundi wa majoho pale karibu na soko, na mzee mmoja aliutazama mshono akasema mkono huu ni wa Daboya, akavuka mto akaenda Daboya, huko wakamwambia kijana wa namna hiyo alikuwepo, alikwenda Kumasi, au Ivory Coast, hawana hakika. Alikula peke yake katika nyumba za wageni, akirudi ananiletea siagi ya shea kwa ajili ya magoti yangu. Nilikuwa naipokea.

Mwaka 2016 macho yake yalianza kufifia kwa presha ya macho, akatibiwa, na kufikia 2020 alikuwa haoni isipokuwa mwanga wa dirisha, lakini hakufunga chumba, aliisoma nguo kwa vidole, na tisa kati ya wale sitini na mmoja waligunduliwa na mwanamke kipofu. Mwezi Julai mwaka huu aliniita, akaniambia, "Siku yangu nivalishe la Sayibu, mishono nje. Watasema. Waache waseme, ni Jumanne yangu ya mwisho. Na mabango ya msiba mkabandike Tamale, yawe na picha ya joho, uso wangu yeye hana haja nao. Akija, mwambie Araba alikosea, na alijua." Tarehe 2 Septemba 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Accra, na Jumatatu tarehe 16 Septemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa, alikuwa peke yake.

Kuhusu mavazi tulivutana, sitaficha, na mkuu wa ukoo, Mzee Takyi, alisema mbele ya wote, "Binti yetu tumvalishe kente na dhahabu kama watu, mnataka Anomabo iseme tumemzika amevaa kama aliyefukuzwa na nyuki?" Nilimsomea ile karatasi ya ukutani. Akasema, "Basi mvalisheni kosa lake." Mabango mia mbili yalipelekwa Tamale kwa basi.

Leo saa mbili kasoro robo asubuhi, mkiwa mmepungua, aliingia mwanamume wa umri wa makamo, kofia mkononi, akasimama kando ya kitanda kwa muda mrefu kuliko wanavyosimama wageni. Joho lile lina kamba mbili shingoni, na dada kwa miaka yote alizifunga mbele chini ya kidevu, nasi ndivyo tulivyozifunga, na ubavuni lina tundu dogo, ambalo mimi mara mbili nilijitolea kuliziba nikidhani limeliwa na nondo. Yule mtu alichuchumaa. Akasema, "Samahani mama, ni kamba tu," akalifungua fundo letu, akaipitisha kamba moja kwenye lile tundu, akaizungusha, akaifunga na mwenzake juu ya bega la kushoto, na joho lote likajivuta, matuta yale yakainama upande mmoja kama mtama unapopitiwa na upepo. Aliinuka, akavaa kofia, akatoka kwenda uani. Nilimfuata, lakini nilipofika mlangoni alikuwa ameshaingia katikati ya watu. Kwa nini hakuja akiwa hai, sijui. Labda hakusikia, labda alisikia akakataa, na anayo haki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dada kwa wiki mbili zile, wanawake wa Kantamanto na wa Makola waliofunga vibanda vyao leo, na hasa Maame Adjeley, ambaye kwa miguu yake mibovu amesafiri na kapu zima la kenkey, majirani wa Adabraka, mafundi wenzangu, Mchungaji na kwaya, na ninyi nyote kwa kuwa hapa.

Kaka Sayibu, sijui kama bado umekaa kwenye hivi viti au umeshaelekea stesheni. La kwanza si langu, nimetumwa, Araba alikosea, na alijua. La pili ni langu, mimi nilijua siku ileile, nikanyamaza. Usinijibu, safari hii anayestahili kunyamaza ni wewe. Baada ya mazishi tutakula hapa uani, na kuna kenkey moja imefungwa kwenye majani yake, imewekwa pembeni peke yake, kwa muda mrefu haikuwa na mwenyewe.

Dada Araba, lala kwa amani. Umevalishwa sawasawa.